Kompyuta ndogo za mezani za bei nafuu: usinunue neno "i5", soma namba inayofuata

MAMA STESHENARI, Busia
Jumapili, saa 3:10 usiku

Wadau, salaam. Nina duka la steshenari hapa Busia upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Kazi zetu mnazijua: fotokopi, kuchapa barua, kujaza fomu za URA (mamlaka ya kodi ya Uganda) na za pasipoti mtandaoni, kutoa picha ndogo za vitambulisho. Miaka sita nimefanya kazi hiyo kwa makasha matatu makubwa ya kusimama, yale ambayo wateja na mafundi wote huyaita "sipiyu", ingawa sipiyu yenyewe ni kidude cha ndani kinachoenea kwenye kiganja. Mwaka huu nimeyatoa yote, nikaweka zile ndogo bapa zinazofungwa hata nyuma ya skrini. Watu wananiuliza kila siku nimenunua nini na kwa nini, ndiyo maana naandika. Tena moja kati ya hizo tatu inanisumbua, nahitaji msaada wenu. Nitaanza na ninayoyajua, shida yangu iko chini.

Sokoni kwetu hizi ndogo ni familia tatu hasa: OptiPlex Micro ya Dell, EliteDesk na ProDesk Mini za HP, na ThinkCentre Tiny ya Lenovo. Zote zina ujazo wa lita moja hivi. Ile ya Lenovo ni milimita 179 kwa 183, unene 34.5, na nyingine zinapishana nayo kidogo tu. Nyingi ni mtumba, zimetumika maofisini ng'ambo miaka kadhaa kisha ofisi ikabadilisha zote kwa mpigo. Mimi naliona hilo kuwa jambo jema, kwa sababu mashine ya ofisi imetengenezwa ili ifunguliwe. Skrubu moja nyuma, kifuniko kinateleza, na kila kitu kiko mbele ya macho yako.

Sasa neno "i5", jina la kundi la prosesa (ndiyo hiyo sipiyu halisi) za kampuni ya Intel. Utaambiwa, "Hii ni Core i5, mama, inaruka." Uliza: i5 namba ngapi? i5-4570T, ya mwaka 2013, ina viini viwili tu. Kiini ndicho kinachofanya kazi ndani ya prosesa, ni kama mtu mmoja kwenye kaunta. i5-6500T ya 2015 ina viini vinne. i5-8500T ya 2018 ina sita. Zote tatu zinavaa jina lile lile! Na i3-8100T, ambayo wengi wanaipita kwa kuwa "ni i3 tu", ina viini vinne kamili vya 3.1 GHz (GHz ni kipimo cha mwendo wa prosesa), na inaiacha mbali ile i5 ya kizazi cha nne. Nilikuwa nimeshahesabu noti mezani kununua ThinkCentre ya i5-4570T kwa bei ile ile niliyokuja kulipia 8500T kwa mtu mwingine siku mbili baadaye. Kilichoniokoa ni kijana mmoja aliyesimama dukani akasoma namba kwa sauti.

Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: 4, 6, 7, 8. Kuanzia kizazi cha 10 zinakuwa tarakimu mbili. Herufi T mwishoni ni ya prosesa iliyopangiwa wati 35, wakati ndugu zake wa makasha makubwa wanapangiwa 65 au zaidi. Msiiogope T. Inapunguza mwendo kidogo, lakini kwa kazi ya barua, PDF na fomu za mtandaoni hutaona tofauti, na kasha halichemki.

Mimi nasisitiza kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa nini? Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, kidude cha usalama cha ndani ya mashine. Kuna njia za kuilazimisha kwenye cha 6 na cha 7, mafundi wanazijua, lakini mimi nashika vitambulisho vya watu na namba zao za kodi. Sitaki mashine ambayo sasisho linaweza kuikataa siku yoyote.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi. Hizi zinatumia zile fupi za laptopu, nyingi ni aina ya DDR4 kuanzia kizazi cha 6, na nafasi ni mbili. Vipande viwili vya 4GB ni bora kuliko kimoja cha 8GB, na kwa mashine hizi ni bora zaidi, kwa sababu hazina kadi ya picha ya peke yake. Sehemu ya picha imo ndani ya prosesa na inakopa RAM hiyo hiyo. Kipande kimoja cha DDR4-2400 kinapitisha hadi gigabaiti 19.2 kwa sekunde, viwili vinapitisha 38.4. Ni kama foleni ya malori hapa mpakani wakifungua lango la pili: malori ni yale yale, lakini foleni inatembea. Ukiwa na kipande kimoja cha 8GB usikitupe, tafuta mwenzake ufike 16.

Diski: ukikuta ina diski ngumu ya kuzunguka, hesabu bei ya SSD (diski ya kasi isiyozunguka) juu ya bei uliyotajiwa kabla hujafurahi. Hakuna kitu kingine kitakachoibadilisha mashine kama hicho. Kuna nafasi ya SATA ya inchi 2.5 na kuna ile ya kijiti, M.2. Hapo kwenye kijiti kuwa makini. Kuna M.2 ya SATA, ambayo inaishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde, na kuna M.2 ya NVMe ambayo inazipita mara kadhaa. Kwa mbali zinafanana kama mapacha. Ya SATA kwa kawaida ina mipasuko miwili kwenye meno yake, ya NVMe kwa kawaida ina mmoja. Soma mazabodi yako, yaani ubao mkuu wa ndani, inakubali ipi kabla ya kununua.

Haya, shida yangu. Nilinunua OptiPlex 3060 Micro tatu siku moja, kwa mtu mmoja, shilingi laki saba na nusu za Uganda kila moja. Zote i5-8500T, 8GB katika vipande viwili, NVMe ya 256GB. Mbili zinakimbia. Ya tatu inatambaa. Kufungua Word unaweza kwenda kuchukua chai ukarudi. Hata herufi zinachelewa kutokea ukichapa. Nimeweka Windows upya, hakuna kitu. Nimehamisha RAM kutoka ya kwanza, hakuna kitu. Nimehamisha hata SSD. Mtu niliyenunua kwake anasema ndivyo mitumba ilivyo. Mimi sikubali. Haiwezekani namba ziwe sawa zote halafu kazi itofautiane hivi.

---

KIJANA WA MALABA
Jumapili, saa 3:42 usiku

Mama, asante kwa uzi, na pole. Mimi nafikiri ni joto. Hizi ndogo zina feni moja, na vumbi la huku kwetu unalijua. Feni ikijaa vumbi prosesa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Fungua, safisha kwa brashi laini, kisha toa kile chuma cha kupozea ubadilishe dawa yake, ile ya kupitisha joto inayopakwa juu ya prosesa. Ya kiwandani ikikaa miaka mitano sita inakauka kama udongo wa kiangazi.

---

FUNDI WA KOBOKO
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mama, salaam kutoka West Nile. Kijana wa Malaba hajakosea, usafi ufanye hata hivyo. Lakini kabla hujashika bisibisi nipe majibu mawili.

La kwanza: bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda kwenye sehemu inayoonyesha prosesa inavyofanya kazi, kisha fungua vitu vingi kwa wakati mmoja. Kuna namba ya mwendo inayoandikwa kwa GHz. Hiyo 8500T msingi wake ni 2.1 na inaweza kupanda hadi 3.5. Niambie ya kwako inasoma ngapi wakati wa mzigo.

La pili: geuza adapta ya umeme ya mashine hiyo uisome maandishi yote. Volti, ampea, jina. Usiichanganye na za mashine nyingine mbili.

---

MWALIMU WA MILIMANI, Kasese
Jumapili, saa 4:20 usiku

Mama Steshenari, Mungu akubariki kwa kuandika mambo haya kwa Kiswahili chepesi. Nimemsomea mkuu wangu wa shule sehemu ya i5 kwa simu usiku huu huu, maana tulikuwa tumeshaletewa orodha ya bei na imeandikwa "Core i5" tu, bila namba nyingine yoyote.

Shida yetu ni tofauti kidogo. Tuna wanafunzi wa S5 na S6 (kidato cha tano na cha sita) wanaosoma ICT, somo la kompyuta, na mtihani wao una karatasi ya vitendo: mtoto lazima akae mbele ya mashine. Tuna makasha saba ya zamani, manne yanawaka. Umeme wa gridi kwetu unakatika mara kwa mara, na jenereta inakula mafuta. Wazazi wamekubali kuchangia sola. Tunataka mashine kumi na mbili. Hizi ndogo zinakula umeme kiasi gani kwa kweli? Wati 35 za prosesa nimezielewa, lakini mashine nzima je?

---

MAMA STESHENARI, Busia
Jumatatu, saa 1:30 asubuhi

Mwalimu, nina kipima wati, kile cha kuchomeka ukutani kisha unachomeka mashine juu yake. Hivi ndivyo nilivyopima dukani kwangu, na vipimo ni vya mashine bila skrini:

Kasha langu la zamani, likiwa na Word na kivinjari, lilikuwa linacheza karibu wati 70. OptiPlex ndogo ikifanya kazi ile ile, karibu 18. Ikiwa imewaka bila kazi inashuka hadi 10. Ukiisukuma kweli kweli, kwa mfano inasasisha Windows huku inafungua video, inapanda kuelekea 50 kwa muda mfupi kisha inarudi. Skrini yangu ya inchi 19 ya LED inachukua 18 peke yake, sawasawa na kompyuta yenyewe.

Kwa saa kumi za kazi, kasha la zamani lilikula yuniti 0.7 na hii ndogo inakula 0.18. Kwa mashine tatu na siku 26 za kazi nabakiza yuniti 40 hivi kila mwezi kwenye Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Fedha hiyo sasa inanunua karatasi.

Fundi, nafungua duka saa mbili, nitakujibu.

---

FUNDI WA KOBOKO
Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Wakati Mama anafungua duka, niseme na Mwalimu juu ya sola, kwa sababu nimezifunga shuleni na kwenye vituo vya afya, na makosa ni yale yale.

Chukua vipimo vya Mama. Mashine 18, skrini 18, jumla 36. Mara kumi na mbili ni wati 432. Ukitaka saa tano za kazi bila jua wala gridi, ni wati-saa 2,160. Inveta nayo inakula chake, weka asilimia 15, unahitaji kama 2,540 kutoka kwenye betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 imeandikwa 2,400, lakini ukitaka iishi usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo kila moja inakupa 1,200. Mbili hazifiki. Na kwa kuwa mfumo wa ukubwa huo unafaa uwe wa volti 24, betri zinakwenda mbili mbili: nunua nne. Ukiweza lithiamu zile za fosfeti ya chuma, unaruhusiwa kuzishusha zaidi na zinadumu zaidi, ila bei ya kuanzia ni nzito.

Inveta usiipimie 432. Watoto kumi na wawili watawasha kwa pamoja, kila mashine itagusa 50, na skrini juu yake. Hapo unafika 816. Weka ya wati 1,500 ya wimbi safi. Zile za bei rahisi za wimbi la mraba zinazitesa adapta, utasikia zinalia kama nyuki.

Kwa makasha yale ya wati 70 ungehitaji zaidi ya mara mbili ya hayo yote: paneli, betri, kila kitu. Ndiyo maana nawaambia wakuu wa shule kwamba bei ya kompyuta haiishii kwenye kompyuta. Shule moja hapa kwetu ilipewa makasha ishirini ya bure na mwaka ukapita yamefunikwa vitambaa, kwa sababu hapakuwa na betri za kuyabeba.

---

DADA WA WANDEGEYA
Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Nasoma Kampala na mwezi uliopita nimenunua ndogo mpya kabisa yenye Intel N100, si mtumba. Prosesa hiyo ni ya 2023, viini vinne, hadi 3.4 GHz, na imepangiwa wati 6 tu. Sita! Inakaa kimya, nyingine hazina hata feni. Ina uwezo wa kufungua video za AV1 (namna mpya ya kubana video) bila kutoa jasho, jambo ambalo hizo za kizazi cha 8 haziwezi kwa vifaa vyake. Windows 11 inakubali bila maneno. Na inakuja na WiFi, wakati OptiPlex niliyoiona dukani nafasi ya kadi ya WiFi ilikuwa tupu. Sisi wanafunzi tunatumia intaneti ya simu, mashine isiyo na WiFi hainifai. Kwa Mwalimu mwenye sola mimi ningeangalia huko.

---

FUNDI WA KOBOKO
Jumatatu, saa 4:35 asubuhi

Dada, una hoja na sina ugomvi nawe. N100 ni prosesa nzuri kwa wati zake. Kwa mtu mmoja na kazi za shule inatosha vizuri.

Lakini sikiliza sehemu ya pili. N100 ina njia moja tu ya RAM, hata ungetaka mbili huwezi. Nyingi zina nafasi moja ya RAM au RAM imechomelewa kabisa kwenye ubao. Ikifa, mashine yote imekufa. OptiPlex ikifa RAM, natoa ya laptopu iliyovunjika kioo, naweka, dakika tano. Adapta, feni, vyote napata. Kwa shule ya milimani hilo ni jambo kubwa kuliko tarakimu za kwenye karatasi.

Na wanaofuata njia yako wajihadhari na ndugu zake N100 wa bei ya chini zaidi. Kuna vidude vya Celeron N3350, viini viwili vya mwaka 2016, RAM 4GB, na "hifadhi" ya 64GB aina ya eMMC, hifadhi ya bei rahisi iliyochomelewa kwenye ubao. Kwa nje ni kasha lile lile linalong'aa. Windows ikijisasisha mara mbili tatu, hiyo 64 imejaa na huna pa kuongeza. Mtu akikwambia "mini PC mpya kwa bei ya kutupa", uliza prosesa kwa jina na namba, kisha uliza kama diski inatoka.

Kuhusu WiFi umesema kweli na Mama hakuligusa. Za ofisini zilitumia waya, nyingi zinakuja bila kadi. Ama unanunua kadi ya M.2 ile fupi na antena zake, ama kile cha USB. Uliza kabla ya kulipa.

---

MAMA STESHENARI, Busia
Jumatatu, saa 6:20 mchana

Fundi! Nimesoma namba. Nimefungua Word, kivinjari na video pamoja, na mwendo umebaki 0.78 GHz. Haupandi. Nimeisubiri dakika kumi, 0.78, 0.79, imerudi 0.78. Mashine ya kwanza nikiifanyia hivyo hivyo inapanda hadi 3.2.

Adapta: imeandikwa 19.5V, 3.34A, na ina jina la Dell, lakini herufi zake zimepauka na ni nyepesi mkononi kuliko za wenzake. Nimeziweka zote tatu kwenye mizani ya duka jirani, hii ni nyepesi kwa karibu theluthi.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelijua leo. Kijana wangu wa dukani anasema kila asubuhi ikiwaka inaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, na yeye hubonyeza F1 yakaondoka. Amefanya hivyo tangu wiki ya kwanza. Hakuona haja ya kuniambia kwa sababu mashine ilikuwa inawaka.

---

FUNDI WA KOBOKO
Jumatatu, saa 6:31 mchana

Mama, umeipata. Mwambie kijana asome hayo maandishi kabla ya kubonyeza. Yatakuwa yanasema aina ya adapta haikutambulika.

Adapta ya Dell haina waya mbili tu za umeme. Ina kiwaya cha tatu, ile sindano nyembamba katikati ya tundu. Kwenye adapta halisi kuna kidude kinachoiambia kompyuta: "mimi ni wati 65" au "mimi ni 90". Adapta ya bandia inaleta volti sawasawa, lakini haijitambulishi. Kompyuta ikikosa jibu haijui inaruhusiwa kuvuta kiasi gani, kwa hiyo inajifunga kwenye mwendo wa chini kabisa. Kwa 8500T huo ni 0.8. Haijaharibika, inajilinda. Ungebadilisha RAM na diski mwaka mzima usingeona mabadiliko.

Jaribio: chukua adapta ya mashine ya kwanza, chomeka kwenye ya tatu, washa, soma GHz.

Kwa wengine: HP nayo ina sindano ya utambulisho, 19.5V, kichwa cha buluu cha 4.5 mm. Lenovo Tiny ni 20V, 3.25A kwa ile ya wati 65, kichwa cha mstatili, nayo ina namna yake ya kujitambulisha. Msiazimane adapta kwa kuangalia volti peke yake. Na Mwalimu, kama kuna fundi atakayekuahidi kuziendesha moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa kile kidude cha kupandisha volti 12 hadi 19 ili kukwepa inveta, muulize kwanza atafanyaje kuhusu utambulisho. Asipokuwa na jibu, mashine zako kumi na mbili zote zitatambaa hivyo.

---

KIJANA WA MALABA
Jumatatu, saa 8:10 mchana

Nimejifunza, ningemfanya Mama afungue mashine bure. Basi niweke yangu ninayoyajua, maana mimi nazinunua na kuziuza: mambo ya kufanya mbele ya muuzaji kabla noti haijatoka mfukoni.

Ingia BIOS mwenyewe, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows. Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo ni F1. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache hapo hapo, hata akishusha bei nusu. Nimeona watu wamebaki na mashine ambayo haiwezi kuwashwa kwa flashi wala kubadilishwa chochote. Ukiwa humo ndani soma prosesa, RAM imekaa nafasi ngapi, na kama TPM ipo. BIOS haina sababu ya kukupendeza, stika inayo. Kisha ukiingia Windows angalia afya ya SSD na saa ilizofanya kazi, kuna programu ya bure ya CrystalDiskInfo inayoonyesha, mimi natembea nayo kwenye flashi. Tarehe na saa zikiwa za miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 imekwisha, hiyo ni gharama ndogo, isikutishe.

Angalia na matundu ya skrini. Wengi tuna skrini za VGA, na hizi nyingi zina DisplayPort, pengine na HDMI. Kigeuzi kinapatikana, lakini kiweke kwenye hesabu. Mwalimu, kwako ni mara kumi na mbili.

---

MWALIMU WA MILIMANI, Kasese
Jumatatu, saa 2:00 usiku

Tumekaa kikao cha kamati jioni hii. Nimewasomea uzi wote, hadi mhasibu akaandika mezani kwake "i5 ngapi?" Tumemrudishia mletaji bei orodha yake na kumwomba aandike kwa kila mashine: namba kamili ya prosesa, RAM ni vipande vingapi, aina ya diski, WiFi ipo au haipo, matundu ya skrini, na adapta halisi. Mashine ikiwa na kasoro hata moja katika hizo, tunaruhusiwa kuirudisha ndani ya siku saba.

Dada wa Wandegeya, hoja yako imejadiliwa kwa muda mrefu kuliko zote. Tumeamua mashine kumi ziwe za kizazi cha 8, i3-8100T zinatosha kwa watoto wetu na zinapunguza bei, na mbili ziwe za N100 tuzipime kwa muhula mmoja kwenye sola ile ile. Nitapima kwa kipima wati kama cha Mama na nitaleta namba hapa.

Fundi, betri nne. Mzazi mmoja alitaka tuanze na mbili. Nimemwonyesha hesabu yako.

---

MAMA STESHENARI, Busia
Jumanne, saa 5:45 asubuhi

Jana jioni nilichomeka adapta ya mashine ya kwanza kwenye ya tatu. Maandishi meupe hayakutokea. Word ilifunguka kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Nikaweka mzigo ule ule: 3.2 GHz.

Leo asubuhi nimerudi kwa mtu niliyenunua kwake nikiwa na adapta zote mbili, nikamwonyesha uzito na nikamwashia mashine mbele ya wateja wake. Hakubishana. Alifungua sanduku chini ya kaunta, akatoa tatu, na tukazijaribu moja moja hadi tukapata inayotambulika. Mbili za kwanza zote zilileta maandishi. Nimemwomba azitenge zisiuzwe, sijui kama atafanya.

Fundi, sina cha kukulipa zaidi ya asante, na ukipita Busia chapa na fotokopi zako ni juu yangu. Kijana wangu sasa ana daftari: maandishi yoyote yakitokea wakati wa kuwasha, anayapiga picha kwa simu kwanza. Na nimepaka rangi ya kucha kwenye kila adapta na nyuma ya mashine yake: nyekundu, nyeupe, zambarau.